Dawa michezoni sio ugonjwa wa Wakenya, tuulize nani anawapa vijana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba mambo ya wanariadha kufungiwa kwa dawa za kuongeza nguvu ni ugonjwa wa Wakenya na sisi Watanzania tumshukuru Mungu hatujafika huko. Mi nafundisha vijana kukimbia huku Ngaramtoni miaka mingi sasa, na ile barua imeniuma. Sio kwamba nawatetea Wakenya, hapana, ila mawazo ya namna hiyo ndo yanafanya vijana wetu waachwe tu bila kuambiwa chochote, na siku akikamatwa mmoja wao tutashangaa kana kwamba mvua imenyesha bila wingu.

Hii habari haikuanzia Eldoret wala Iten. Rudi nyuma mpaka Olimpiki ya 1904 kule St. Louis, Marekani. Marathoni ilikimbiwa jua kali, barabara za vumbi, magari ya waangalizi yanawatimulia vumbi wakimbiaji usoni, na maji njiani ni ya shida. Jamaa mmoja anaitwa Thomas Hicks akaanza kuishiwa, akawa anaomba maji ya kunywa, wale waliokuwa wanamhudumia wakamnyima, wakamlowanisha tu mdomo kwa sponji, alafu wakampa strikinini na ute wa yai. Strikinini ni sumu jamani, watu walikuwa wanaulia panya, ila ikiwa kidogo sana inashtua mishipa ya fahamu. Mbele kidogo wakamwongezea nyingine na brandi juu yake. Akafika mwisho anashikiliwa huku na huku, hajui hata yuko wapi, na wakamtangaza mshindi kwa sababu yule aliyetangulia kufika, Fred Lorz, iligundulika alipanda gari sehemu ya njia. Dhahabu ya Hicks haikuguswa, maana sheria ya kukataza dawa ilikuwa haipo. Kwenye mbio hizo hizo walikuwepo Len Taunyane na Jan Mashiani kutoka Afrika Kusini, Waafrika weusi wa kwanza kushindana Olimpiki, wakamaliza wa 9 na wa 12, na hawa sijaona wanatajwa sana.

Sasa nataka msomaji mwenzangu atazame kitu kimoja hapo. Hicks hakwenda dukani kununua strikinini. Aliwekewa mdomoni na watu aliowaamini, wakati mwenyewe hajiwezi. Ukiisoma historia yote ya hizi dawa kwa kuuliza swali moja tu, nani alimpa, utaona mkimbiaji huwa ni wa mwisho kwenye mstari, na ndo wa kwanza kufungiwa.

Shirikisho la riadha la dunia lilikataza dawa mwaka 1928, lilikuwa la kwanza kufanya hivyo, lakini kukataza bila kupima ni karatasi tu na ikabaki karatasi kwa miaka 40 hivi. Hapo katikati vita kuu ya pili ikapita, wanajeshi wakazoeshwa amfetamini ili wasilale, na vita ilipoisha vile vidonge vikaendelea kutumika kwenye mbio za baiskeli Ulaya. Tarehe 13 Julai 1967 Mwingereza Tom Simpson akaanguka akipanda mlima Mont Ventoux kwenye Tour de France, akafa siku hiyo hiyo. Amfetamini ilikutwa mwilini pamoja na pombe, na vichupa vya vidonge vilikutwa kwenye mfuko wa nyuma wa jezi yake. Mwaka huo huo Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ikawa imeunda tume ya matibabu, na mwaka uliofuata upimaji ukaanza kwenye Olimpiki.

Olimpiki hiyo ya kwanza ya kiangazi yenye vipimo ni Mexico 1968, na hapa ndo nashangaa kwanini sisi wenyewe hatuielezei hivi. Mtu wa kwanza kunyang'anywa medali kwa sababu ya kipimo alikuwa Msweden Hans-Gunnar Liljenwall, na alichokutwa nacho ni pombe, mwenyewe alisema bia mbili za kutuliza mkono kabla ya kulenga bastola. Na kwenye michezo hiyo hiyo mzee wetu John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka, goti likatoka, bega likaumia, akafungwa bandeji akaendelea, akaingia uwanjani giza limeshaanza, saa nzima na zaidi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Aliyoyasema alipoulizwa kila Mtanzania anayajua sitayarudia. Mi huwa nawaambia vijana hao watu wawili wako kwenye Olimpiki moja, mmoja amepoteza shaba kwa bia mbili, mwingine amekuwa wa mwisho na dunia mpaka leo inamtaja.

Mwaka 1974 naupenda na unanitia hasira kwa wakati mmoja. Februari 2, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi mtoto wa Karatu anatoka mbele tangu bunduki inalia, hamna kujificha nyuma ya mtu, anamaliza mita 1500 kwa 3:32.16 rekodi ya dunia. Mwaka huo huo serikali ya Ujerumani Mashariki inapitisha mpango wa siri, namba 14.25, wa kuwapa wanamichezo wake homoni za kiume kwa utaratibu kabisa, na daftari, na dozi, na madaktari wanaolipwa na serikali. Vidonge vyenyewe vya bluu, Oral-Turinabol. Waliopewa wengine walikuwa watoto wa kike wa shule, kwenye bwawa la kuogelea, sauti zinaanza kuwa nzito, nywele zinaota kifuani, na kocha akiulizwa anasema ni vitamini. Montreal 1976 wasichana wa Ujerumani Mashariki wakachukua dhahabu 11 kati ya 13 za kuogelea. Sisi Montreal hatukwenda, Afrika iligoma kwa sababu ya New Zealand kucheza na makaburu, Bayi akabaki nyumbani kwenye ubora wake, na mi sijawahi kulalamikia mgomo ule, ila ukijua kilichokuwa kinaendelea upande wa pili inauma vingine.

Heidi Krieger alikuwa mmoja wa wale wasichana, mtupa tufe, bingwa wa Ulaya 1986. Alianza kupewa vidonge ana miaka 16. Mwili ulibadilika kiasi kwamba mwaka 1997 alifanyiwa upasuaji na sasa anaishi kama mwanaume, anaitwa Andreas. Wakubwa wawili wa ule mpango, Manfred Ewald na daktari Manfred Höppner, walipatikana na hatia Berlin mwaka 2000, wakapewa vifungo vya nje. Vya nje! Mtu ameharibu miili ya watoto kwa maelfu na amelala nyumbani kwake.

Nimekaa sana hapo Ujerumani kwa sababu neno vitamini nimelisikia kwa masikio yangu hapa hapa Arusha. Kuna jamaa alikuja kwenye kikundi chetu, msafi, ana gari zuri, akajitambulisha kuwa ana watu wa nje wanatafuta vipaji. Akawatazama vijana wakikimbia kilima, akawasifia, akaondoka. Baada ya muda nikakuta vijana wawili wamekaa nyuma ya mti baada ya mazoezi wanagawana vidonge kutoka kwenye kichupa cheupe, lebo imekwanguliwa mpaka imebaki gundi, kifuniko kimezungushiwa selotepu. Nikauliza hivi ni nini. Dogo mmoja akanijibu kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu, ni vitamini tu, yule mzee amesema zinasaidia damu." Hakuwa anadanganya, macho yake yalikuwa ya mtoto aliyepewa zawadi. Nilizichukua zote, nikampigia yule bwana simu, akasema nisiwe na ushamba, alafu hakupokea tena. Sijui zilikuwa na nini ndani na hapakuwa na mtu hapa Arusha wa kunipimia. Lakini kijana angepimwa wiki ile, angejibu yeye. Sheria za dunia ziko wazi, chochote kinachokutwa kwenye mwili wako ni chako, awe amekupa kocha, awe amekupa daktari, awe amekupa bibi yako.

Kesi kubwa zote zinafuata njia hiyo hiyo. Ben Johnson, Seoul, Septemba 24 mwaka 1988, mita 100 kwa 9.79, dunia nzima ikasimama, siku tatu baadae dhahabu ikaenda kwa Carl Lewis kwa sababu ya stanozololi, dawa ya kujenga misuli. Kwenye tume iliyoundwa Kanada mwaka uliofuata kocha wake Charlie Francis akaeleza mwenyewe kwamba walianza tangu 1981. Marion Jones, mkimbiaji wa Marekani, alirudisha medali 5 za Sydney na akaenda jela miezi sita kwa kudanganya wapelelezi, lakini zile dawa zilitoka kwenye kampuni ya virutubisho huko California, ina ofisi na wateja. Urusi ndo usiseme, kule Olimpiki ya baridi ya Sochi 2014 sampuli za mkojo zilipitishwa usiku kwenye tundu la ukuta wa maabara zikabadilishwa na safi, mkuu wa maabara Grigory Rodchenkov mwenyewe ndo aliyekuja kueleza. Yaani aliyewekwa kukamata ndo alikuwa anaficha.

Kwetu sisi watu wa mbio ndefu adui mkubwa ni EPO, na naomba niieleze maana vijana wengi wanaisikia tu. Figo zako zinatengeneza homoni inayoamrisha mifupa itoe chembechembe nyekundu za damu, na hizo ndo zinabeba oksijeni. Ukikaa sehemu ya juu kama Arusha au Mbulu mwili unaongeza wenyewe taratibu, ndo maana wazungu wanalipa hela kuja kukaa huku. EPO ya sindano ilitengenezwa kusaidia wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, wanaoishiwa damu kwa sababu figo zimekufa, na ni dawa nzuri sana kwa hao. Mtu asiyeumwa akijidunga, damu inakuwa nzito, moyo unasukuma kitu kama uji, na hasa usiku akiwa amelala mapigo yako chini ndo hatari yenyewe. Miaka ya 90 ilitawala kwenye baiskeli mpaka chama chao mwaka 1997 kikaweka kiwango cha chembechembe nyekundu kwenye damu kisichozidi asilimia 50, kwa sababu kipimo cha EPO yenyewe kilikuwa hakipo, kimekuja kutumika Olimpiki ya Sydney 2000. Lance Armstrong alipita hapo hapo, akashinda Tour de France mara 7, zote zikafutwa 2012. WADA, shirika la dunia la kupambana na hizi dawa, lilikuwa limeundwa tangu Novemba 1999.

Na Wakenya? Ndio, wamepata shida kubwa. Rita Jeptoo bingwa wa Boston, EPO. Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya marathoni Olimpiki, Rio 2016, mwaka uliofuata EPO. Asbel Kiprop wa mita 1500, EPO. Lakini serikali yao haikuficha uso, iliunda wakala wake wa kupambana na dawa na mwaka 2022 ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5. Wanakamatwa wengi pia kwa sababu wanapimwa wengi. Sisi tuna wangapi wanaopimwa mazoezini, sio kwenye mashindano, mazoezini? Kabla ya kumcheka jirani tujibu hilo.

Kesi ya Ruth Chepngetich ndo nataka kila mzazi wa mkimbiaji aijue. Oktoba 2024 alikimbia Chicago 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya 2:10. Machi 2025 akapimwa akakutwa na haidroklorothiazidi, na kiwango kilikuwa 3,800 wakati kikomo ni 20. Amefungiwa miaka 3. Hiyo haidroklorothiazidi ni dawa ya presha, ya kukojoza, inapatikana duka lolote la dawa kuanzia hapa sokoni Ngaramtoni mpaka Himo, bibi zetu wanameza kila asubuhi. Imekatazwa kwa sababu inapunguza maji mwilini na inaweza kuficha dawa nyingine. Yeye alijitetea kwamba alitumia dawa ya msichana wa kazi alipokuwa anaumwa, na wapelelezi hawakumwamini, mi pia ile namba inanipa shida kuamini. Lakini angalia jinsi kabati la dawa la nyumba ya kawaida kabisa lilivyokaa karibu na rekodi ya dunia.

Nenda duka la dawa lolote Arusha uulize dawa ya kifua, unaweza kupewa salbutamol ya vidonge au ya maji bila neno. Kwa mwanariadha hiyo haitakiwi wakati wowote, wakati ile ya kuvuta kwa pampu inaruhusiwa kwa kiwango. Nani anamwambia kijana hiyo tofauti? Prednisolone na dexamethasone, ambazo dada zetu wanameza wanenepe, ukimeza ukaingia nazo mashindanoni umekwisha. Tramadol, dawa ya maumivu, tangu Januari 1, 2024 imekatazwa siku ya mashindano. Mirungi ina kathini, kitu cha kuchangamsha mwili, nayo imo kwenye orodha. Na ile sindano ya goti ambayo mtu anachomwa kwa fundi wa mtaani ili awahi mbio za Jumapili, nyingi zina steroidi, jamii moja na hiyo prednisolone. Anayeuza dukani hana kosa kama hajawahi kufundishwa, anamwona mgonjwa wa kikohozi tu, hajui kwamba aliyesimama mbele yake ni mtu anayetafuta namba ya kwenda mashindano ya dunia. Na kama kijana anaumwa kweli na anahitaji dawa iliyokatazwa kuna utaratibu wa kuomba kibali cha matibabu, fomu zipo, daktari anajaza, lakini nimeuliza vijana wa vikundi vinne vitano hapa hakuna aliyewahi kuisikia.

Kuna na hili la kusema ulipo, ambalo naliogopa kuliko vidonge. Mkimbiaji akishaingia kwenye orodha ya kupimwa anatakiwa kujaza kwenye simu kila siku atakuwa wapi kwa saa moja anayoichagua, wapimaji wanaweza kuja muda huo bila taarifa. Ukikosekana au ukijaza vibaya mara 3 ndani ya miezi 12, linahesabiwa kosa la dawa hata kama hukukutwa na chochote. Wilson Kipsang, aliyewahi kushika rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa miaka 4 mwaka 2020 kwa kukosekana na kwa kujitetea kwa uongo, na hakukuwa na dawa yoyote kwenye mkojo wake. Sasa chukua kijana wetu. Leo yuko kambini Sakina, kesho mama anaumwa amepanda hiace kwenda Karatu alafu bodaboda mpaka kijijini, mtandao hakuna, simu imeisha chaji, na anuani ya kwao ni ukipita kanisa la pili uliza kwa mzee wa ng'ombe wengi. Huyo atakosa mara 3 bila kumeza hata panadol. Anahitaji mtu mzima wa kumkumbusha, na mtu huyo klabu nyingi hazina.

Septemba 15, 2025 Alphonce Simbu, anayefanya mazoezi hapa hapa Arusha, alishinda marathoni ya dunia Tokyo kwa 2:09:48, akamzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, kifua tu. Dhahabu ya kwanza ya dunia kwa Tanzania. Mtaani tulilia. Tangu siku ile vijana kwenye barabara ya Kisongo alfajiri wameongezeka, Mungu ni mkubwa, na watu wa magari mazuri nao wameongezeka, maana dhahabu ile ina dola 70,000 na kila mmoja anataka asilimia. Hao ndo naomba Chama cha Riadha na Baraza la Michezo la Taifa wawaangalie sasa hivi. Wakala anayefanya kazi na vijana wetu ajulikane, jina lake libandikwe pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, asiyekuwepo kwenye orodha asiguse kambi. Na pakitokea kesi, aulizwe kwanza kocha, aulizwe meneja, aulizwe daktari wa kikundi, kabla picha ya mtoto wa miaka 19 haijatoka ukurasa wa kwanza.

Waandaaji wa Kilimanjaro Marathon nao nina ombi kwao. Pale Moshi watu wanapochukua namba wanapanga foleni ndefu na vijana wote wa kanda hii wanakuwepo. Wekeni meza moja, kaeni na mfamasia anayeijua orodha ya WADA ya mwaka huo, iwe kwa Kiswahili, kijana alete dawa anayotumia aonyeshwe kama inafaa. Wauza dawa wa Arusha na Moshi waalikwe hapo hapo. Na wewe Mhariri kama utakubali, orodha ya dawa za kawaida zilizokatazwa ichape kwenye ukurasa wa michezo wiki moja kabla ya mbio, mi nitaikata niibandike kwenye mti tunaokutania saa kumi na moja na nusu asubuhi.

Kocha wa vijana,
Ngaramtoni, Arusha